Msiba wa Kijerumani

Kila mtu ana wazimu wake, na wazimu wa Mwalimu Kasiani ulikuwa Kijerumani. Wengine huangukia pombe, wengine huangukia kesi za mipaka ya mashamba mpaka wazeekee barazani kwa hakimu. Yeye aliangukia vitabu vya watu waliokwisha kuondoka. Na kama unadhani nitamsema vibaya kwa hilo, umekosea nyumba. Mtu aliyeishi kwenye misheni mlimani, juu kabisa ya Mlali, akalima njegere kama wenzake, akafundisha watoto katekisimu na hesabu, halafu jioni akaketi kibarazani na Wajerumani wake akicheka peke yake, huyo si wa kuhurumiwa. Huyo ni wa kuonewa wivu.

Lugha yenyewe aliipata utotoni kwa Padre Emili, mmisionari mzee mwenye ndevu zilizogeuka manjano kwa tumbaku. Siku hizo Kijerumani kilikuwa lugha ya serikali. Ukikijua, kazi ya ukarani bomani Morogoro ilikuwa yako. Kisha ikaja ile vita ya kwanza, Mwingereza akashika nchi, na vijana wote waliokuwa wamejifunza pamoja na Kasiani wakakitua Kijerumani palepale njiani, wakaanza kujifunza salamu za bwana mpya. Kasiani hakukitua. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba vita ilimkuta katikati ya hadithi, na yeye si mtu wa kuondoka hadithi haijaisha.

Padre Emili alipofariki alimwachia sanduku la vitabu. Mlikuwa na mashairi, mlikuwa na hadithi ndefu za Wajerumani, na nyingine za Warusi na Wafaransa zilizotiwa katika Kijerumani, hata mtu wa Uluguru akaweza kuitembea Ulaya nzima bila kuvuka mto Ngerengere. Na mlikuwa na mchezo mmoja wa kuigiza ambao mchwa walikuwa wamekwisha kula jalada lake na kurasa za mwanzo. Nani aliutunga, haikujulikana. Huo ndio uliomshika Kasiani na kumkalisha.

Mchezo ulihusu ndugu wawili, watoto wa mwenye kinu cha kusagia nafaka, kinachozungushwa na maji ya mto. Baba anakufa, kinu kinakwenda kwa mkubwa, mdogo anapewa kofia ya marehemu na pole. Chuki inaota. Mwishoni wanapigana juu ya daraja la kinu, mdogo anaanguka, anakufa, na mama yao anamlilia huku gurudumu linaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna lililotokea. Kasiani alipousoma mara ya kwanza alilia mpaka Theresia, mkewe, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani amekufa.

"Anton," alisema Kasiani.

"Anton wa wapi?"

"Wa Ujerumani."

Theresia akamtazama, akarudi kwenye ugali wake.

Tangu siku hiyo Mwalimu akawa na shauku moja tu. Aliutaka mchezo ule uwe wa Kiswahili, uchapwe kitabu, na watu wake wamlilie Anton kama yeye alivyomlilia. Miaka yote ya arobaini aliifanya kazi hiyo. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Vita ya pili ilipopamba moto, ukazuka uvumi kwamba atakayekutwa na kitu chochote cha Kijerumani atachukuliwa. Theresia hakungoja kuuliza kama ni kweli. Alilibeba sanduku, akavipanga vitabu darini juu ya moto, katikati ya mbegu za mahindi na maharage. Hakuna askari aliyekuja, ila vitabu vilikaa huko hadi vita ilipokwisha, vikashuka vikinuka moshi kama kambale. Mchwa hawakuvigusa tena kamwe, na Kasiani akawa anasema mkewe ndiye mhifadhi bora wa vitabu katika Tanganyika nzima.

Usidhani usomi wake ulikuwa wa kujifungia ndani. Chini ya misheni palikuwa na jiwe ambapo wanawake waliotoka kuuza mboga Mlali walitua matenga yao na kupumzika. Mwalimu aliligeuza jiwe lile darasa. Alisimulia, nao walihoji, na wanafunzi wagumu kama wale hajapata kuwaona mtu.

"Baba kafa, kinu kinakwenda kwa mtoto?" aliuliza siku moja mama mmoja aitwaye Yuliana. "Kwa nini? Mpwa wake hayupo?"

"Kwao mpwa harithi," alieleza Kasiani.

"Na hao vijana walipoanza kugombana, mjomba wao alikuwa wapi?"

Kasiani akaanza kuzipitia kurasa kichwani. Alikuwa ameusoma mchezo ule mpaka anaukariri, na hakuwahi kugundua kwamba hamna mjomba. Sisi Waluguru ardhi yetu inafuata tumbo la mama. Mjomba ndiye mwenye neno, na vijana wakishikana mashati ndiye anayewaita na kuwakalisha. Aliingia ndani akaipekua Ulaya yote kitabu kwa kitabu, akirudi jioni kwa jioni na taarifa ileile: hakuna mjomba. Wajomba wachache aliowapata walikuwa matajiri waliokufa mapema ili warithiwe. Akaanza kuandika mawazo yake juu ya jambo hilo, kwa Kijerumani na kwa Kiswahili, akifurahi kama mtu aliyegundua chemchemi shambani kwake.

Aliyemsumbua kuliko wote ni Mwinjuma wa Bigwa. Huyu alikuwa mfanyabiashara mdogo, akipanda mlima kununua kabichi na njegere na kuteremka nazo sokoni mjini. Ukoo wake na ukoo wa Kasiani walikuwa watani toka enzi za mababu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumtukana Mwalimu mbele ya watu, na haki hiyo aliitumia yote, hakubakiza hata punje.

"Kaiza! Hujambo, Kaiza?" alimwita kwa jina la mfalme wa Wajerumani.

"Sijambo, mwizi wa kabichi."

"Hao ndugu zako wa kinu hawajazikana tu? Maiti gani anakaa miaka yote hii bila kuoza?"

"Watazikwa kitabu kikichapwa."

"Lakini Kaiza, tuache utani." Mwinjuma alipenda kusema tuache utani. "Wale wanatuhusu nini? Walikuja, wakatuchapa viboko, wakaondoka. Sasa wewe unawafuata nyumbani kwao kuwalilia. Wanatuhusu nini?"

Swali hilo lilimkaa Kasiani kooni kama mwiba wa samaki. Kwa wengine alikuwa na majibu. Kwa mtani hakuwa na jibu, na alijua kwamba kama mchezo hautachapwa, basi jibu ni la Mwinjuma: umri mzima amewafuata watu wasiomhusu.

Mwaka wa hamsini na nne, paroko alipata kumtaja Kasiani mbele ya Dokta Hartwig. Huyo alikuwa Mjerumani, msomi wa fasihi za Ulaya, aliyeikimbia nchi yake kabla ya vita kwa kuwachukia watawala wake, na sasa alikuwa akifundisha pwani na kuishauri kamati moja ya vitabu. Akataka kuiona kazi hiyo. Lakini alikuwa na sharti: mchezo hausomwi, mchezo huchezwa. Atakuja mwenyewe autazame, na akitoka hapo ndipo ataiambia kamati ichape au isichape.

Ilikuwa kana kwamba kijiji kizima kimepata mimba. Benedikto, mkulima wa njegere na sauti nzito ya kwaya, alipewa kuwa Anton. Kwa kuwa alikuwa fundi wa mianzi, alitengeneza pia gurudumu la kinu, kubwa kuliko mlango wa kanisa, na likazunguka kweli. Theresia alipewa kuwa mama. Hakujua kusoma, lakini mchezo ule ulikuwa umesomwa kitandani, mezani na shambani miaka mingi kiasi kwamba alikuwa akimsahihisha mumewe. Wanawake wa kwaya walifundishwa kilio cha Kijerumani, cha chinichini, cha kuinamisha kichwa. Walijifunza kwa uchungu, maana kwao kulia bila kupaza sauti ni kama kupika bila kuwasha moto.

Dokta Hartwig alifika Jumapili baada ya misa, kwa miguu kutoka Mlali, amevua viatu amevishika mkononi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinama. Watoto wakampa shikamoo kwa pamoja, naye akaitikia kwa Kiswahili kizuri, akala pichi alizokaribishwa, akaketi kwenye kiti cha paroko katika uwanja wa shule. Mlima wote ulikuwa umekuja. Hata watu wa Bigwa walipanda, Mwinjuma mbele yao, amevaa kanzu ya Idi.

"Leo tafadhali," Kasiani alimwambia.

"Leo sisemi neno," alisema Mwinjuma, na wakati ule alikuwa akisema kweli.

Mchezo ukaanza, na ukaenda vizuri kiasi cha kumtisha Mwalimu. Watu walinyamaza. Yuliana, aliyekaa mstari wa mbele, alisikika akinong'ona "mjomba, mjomba yuko wapi" lakini kwa huzuni kabisa. Dokta alikuwa ameegemea mbele, viganja vimeshikana. Ndugu wakapigana darajani, Benedikto akaanguka kwa kishindo kizuri, akafunikwa shuka nyeupe, na wanawake wa kwaya wakainamisha vichwa kulia Kijerumani.

Hapo ndipo palipoharibika. Wa kwanza alilia vile alivyofundishwa. Wa pili akapandisha kidogo. Wa tatu alikuwa amezika kaka yake mwaka uleule, na alipoiona ile shuka akasahau Ujerumani yote, akaangua kilio chenyewe, kile cha kwetu, kinachovuka bonde na kuwaita watu wa ng'ambo. Wote wakamfuata. Kilio kikajaa uwanja, mbwa wakaitikia, na Mwinjuma akasimama.

Akakunja kanzu, akapita katikati ya watu na wenzake wawili, wakapanda darajani. Akafunua shuka.

"Kumbe ni huyu!" akapiga kelele. "Nilidhani amekufa mtu! Huyu amekufa kwa uroho! Mnaona tumbo hili? Ameacha njegere kwa wajane?"

Akalala chali kando ya maiti, akajinyoosha akipima nani mrefu. Kisha akainuka, akatembea kama Benedikto anavyotembea, bega moja juu kwa kuzoea kubeba mzigo wa mzega, miguu nje kama bata. Uwanja ukalipuka. Watu walishika mbavu. Wale wenzake wawili wakamwinua Benedikto na shuka yake wakatoka naye mbio kuelekea migombani, wakitangaza kwamba maiti hazikwi mpaka wafiwa watoe jogoo.

"Maiti anacheka!" wakapiga kelele watoto.

"Mwacheni acheke, ni mara ya mwisho!"

Mwalimu Kasiani alitamani ardhi ipasuke immeze na kinu chake. Kazi ya miaka yote ile, na mtu wa kamati amekaa palepale! Alimfikia Mwinjuma, akamshika kanzu.

"Huu ni mchezo! Ni mchezo, Mwinjuma! Uliniahidi!"

Mwinjuma akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane usoni mwake hamkuwa na mzaha.

"Nilikuahidi, ndiyo. Lakini kijana wa ukoo wenu amelala, kafunikwa sanda, wanawake wanalia. Mimi mtani wenu nikae nimekunja mikono? Maiti wa uongo asipotaniwa humwita wa kweli. Benedikto akifa wiki ijayo utamwambia nini mama yake? Utamsomea kitabu?"

Kasiani akaiachia kanzu, maana yalikuwa maneno ya haki na yeye aliyajua tangu hajajua kusoma. Alikuwa amemtafuta mjomba Ulaya nzima, akamsahau mtani nyumbani kwake. Akajiona mjinga, na katikati ya ujinga huo, huku watu wakicheka pande zote, akahisi kitu kinamtekenya. Kwa nini Anton alikufa? Kwa nini chuki iliota miaka yote mle kinuni? Kwa sababu hakuwapo mtu hata mmoja mwenye haki ya kuingia ndani na kuwaambia wale ndugu wawili kwamba wao ni wapumbavu, na wao wakalazimika kucheka.

"Chukua jogoo wangu," akasema. "Yule mwekundu. Mrudishe mtu wangu."

Jogoo akaletwa akipiga mbawa, maiti akarudishwa, akalazwa, akafunikwa. Watu wakafuta machozi ya kicheko. Theresia muda wote huo hakuwa ametikisika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake pembeni mwa gurudumu, mikono magotini, kama mama aliyezoea kwamba msiba una zamu zake. Kelele zilipotulia zenyewe, akaanza.

"Mwanangu, kinu kinazunguka. Nani amekiambia kizunguke? Mimi sijakiambia. Nilikuzaa na maji yakapita. Leo umelala na maji yanapita. Enyi maji, hamna hata adabu ya kusimama?"

Hakupaza sauti. Gurudumu la mianzi lilikuwa likilia kwikwi kwa kuzungushwa. Na watu wale waliokuwa wamecheka hadi wakalegea hawakuwa na kitu tena cha kujikingia. Yuliana aliinamia kanga yake. Paroko akavua miwani. Benedikto mwenyewe alionekana akitetemeka chini ya shuka, na safari hii hakikuwa kicheko. Mwinjuma alikuwa amesimama darajani na jogoo kwapani, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kanzu ya Idi, wala hakuyafuta.

Kasiani aliyaona hayo yote, akayanywa kama mtu wa kiu. Lakini alipomgeukia Dokta, hofu ikarudi. Akaenda kwake, akamwamkia, akaanza kumwomba radhi kwa Kijerumani kile cha vitabu alichokitunza tangu kwa Padre Emili. Mchezo umeharibika, alisema. Yale ya katikati hayamo.

"Najua hayamo," alisema Dokta Hartwig. Uso wake ulikuwa umelowa. "Nitapeleka neno kwa kamati, kitabu kichapwe. Hilo tusilizungumze tena. Na utangulizi uandike wewe, ueleze nilichokiona leo. Lakini niambie, yule mtu wa jogoo ni nani?"

Kasiani akaeleza. Ilimchukua muda, maana katika vitabu vyote vya sanduku hakupata kukutana na mtu wa aina hiyo ili aseme ni kama fulani. Dokta akasikiliza. Alipoelewa, akakaa kidogo akitazama viatu vyake.

"Nilikuwa na ndugu," akasema. "Mdogo wangu. Mimi nilikimbia, yeye alibaki, wakampeleka vitani. Alikufa katika theluji huko Urusi. Hatukuzika kitu. Mama yangu aliandikiwa mistari miwili, akafa naye kabla sijamwona. Tulikuwa hatusemezani nilipoondoka. Muulize yule bwana, mtu anaweza kuazimwa mtani?"

Kasiani akapanda tena darajani, akamweleza Mwinjuma kila neno. Watu wakasogea kusikiliza. Mwinjuma akamhamisha jogoo kwapa la pili, akafikiri kwa uzito kama hakimu.

"Utani hauazimwi," akasema kwa Kiluguru. "Lakini nauliza: babu zetu hawakupigana na babu zake?"

"Walipigana," wazee wakaitikia.

"Na sasa tunapigana?"

"Hatupigani."

"Waliopigana wakapatana ni watani. Hakuna utani ulioanza kwa njia nyingine. Mwambie huyo Mjerumani haazimi kitu, anadai haki yake." Akashuka, akasimama mbele ya Dokta, akamtazama toka kichwani hadi miguuni kama anayechagua kabichi. "Muulize, marehemu alitembeaje?"

Kasiani akauliza. Dokta Hartwig akasita. Kisha akasimama, mzee yule mrefu, akajinyoosha mabega, akaanza kutembea mbele ya mlima mzima: haraka haraka, mikono nyuma, kila hatua chache akisimama na kugeuza kichwa kutazama alikotoka. Alikwenda hadi kwenye gurudumu, akarudi. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakimtazama mtu mwingine aliyekuwa ndani ya mwendo ule.

Mwinjuma akatingisha kichwa. Akaweka mikono nyuma pamoja na jogoo wake, akatembea vilevile, haraka haraka, akasimama, akageuka, jogoo naye akageuka. Na akasema kwa Kiluguru, kwa sauti ya kusikika hadi migombani, kwamba sasa ameelewa: marehemu hakuuawa na risasi, alirudi nyuma kufuata kofia, na vita ikamwacha.

Kicheko kikapanda kama moto wa nyasi, kikazimika ghafla, kwa kuwa watu walikumbuka kwamba mwenye msiba hajui Kiluguru. Wakamgeukia Mwalimu Kasiani.

Umri wake wote alikuwa ameyatoa maneno upande wa Wajerumani kuyaleta kwetu, na hakuna hata siku moja aliyopata kupeleka. Akatafuta maneno. Akayapata moja baada ya jingine, na akamwambia Dokta Hartwig kwa Kijerumani kile alichosema mtani wake, hakupunguza, hakulainisha.

Midomo ya Dokta ikacheza. Kisha kikamtoka kicheko kibaya, cha kukwaruza, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi, naye akamshika Mwinjuma bega ili asianguke.

"Si kofia," akasema, akihema, machozi yakimtiririka. "Mwambie si kofia. Miwani. Kila siku alikuwa akisahau miwani."

Na Kasiani akamgeukia Mwinjuma, akamwambia.